Ni Nani Aliyeongeza Jua?

Mwaka wa hamsini na tano jua lilikuwa kali upande wa Meru hata mama mmoja akatoka Mitunguu na mkungu wa ndizi mbichi mgongoni, akapanda mlima polepole, na alipofika soko la Nkubu ndizi zilikuwa zimeiva zote, mbili zimeoza. Anayebisha hakuwepo.

Siku hiyohiyo ya soko, juu ya kelele za wauza njahi, yale maharagwe meusi, na viazi, kijana mmoja alikuwa kwenye nguzo ya simu akikaza waya uliolegea kwa joto. Jina lake Kithaka, mtu wa Embu, mfanyakazi wa Posta. Kaptura yake ya kaki ilikuwa imepigwa pasi ikakauka kama ubao. Mkanda mpana wa ngozi ulimfunga kwenye nguzo, na viatu vyake vya chuma vilikuwa na meno yaliyouma mti. Kutoka huko juu aliona vitambaa vya kichwa vya kila rangi, na kimoja cha manjano kikija kupita chini yake. Akakitazama kuliko kazi ilivyoruhusu. Koleo likamponyoka.

Koleo lilitua kwenye kibuyu cha uji. Kibuyu kikapasuka, uji ukaruka, na gauni la samawati lenye kola nyeupe, gauni la kazi la hospitali ya misheni, likalowa kutoka kifuani hadi magotini.

“Wewe uliye huko juu! Umetumwa uniue?”

“Pole, dada! Limeteleza. Ni jasho. Jua hili ni baya.”

“Kwa hiyo ni jua lililonitupia chuma?”

“Jua na mimi, tumesaidiana.”

Soko zima likacheka, isipokuwa yeye. “Teremka uniambie hayo ukiwa chini kama watu wengine.”

Kithaka akateremka. Msichana huyo aliitwa Mukiri, binti wa mzee Riungu. Mukiri kwa Kimeru ni mtu mnyamavu; alipewa jina la nyanya yake kabla hajafungua mdomo, na alipoufungua walikuwa wamechelewa kulibadili.

“Unalalamikia jua,” alisema, akijikung'uta uji, “na ni nyinyi mliolileta. Tangu watu waanze kupelekwa kufyeka msitu kule juu, nani ameona ukungu wa asubuhi hapa? Hata nguzo hiyo uliyoikumbatia ilikuwa mti.”

“Dada, jua liko mbali. Mtu ni nini mbele ya jua? Tukikata mlima mzima, huko juu hakuna atakayejua.”

“Sisemi huko juu. Nasema hapa chini, tunakokaa.”

“Ni Mungu. Kuna miaka ya jua na miaka ya mvua. Bibi yangu ameona mibaya kuliko hii.”

“Bibi yako aliiona akiwa kivulini! Alizungukwa na msitu!”

Watu wakagawanyika papo hapo. Muuza tumbaku akasema ni Mungu. Gacheri, muuza maharagwe mwenye sauti ya tarumbeta, akasema ni watu. Mzee mmoja akaanza kusema ni zile ndege zinazotupa mabomu mlimani ndizo zimepasha mbingu, kisha akamwona askari wa homugadi karibu na mizani, akamalizia kwa kusifu bei ya vitunguu. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Mtu angeweza kubishana juu ya jua, lakini kwa uangalifu.

Na ilikuwa miaka ya upweke. Kithaka alilala peke yake katika kibanda cha bati kando ya barabara, na saa za kutotembea zilipofika alikuwa na ukuta wa kuongea nao. Watu wa Nkubu walimsalimu na kupita. Nyakati hizo mgeni angeweza kuwa yeyote, hata mpelelezi. Mukiri naye alilala katika mabweni ya misheni. Boma lao lilikuwa limeachwa tupu, mlango ukipigwa na upepo, kwa sababu baba yake na majirani wote walikuwa wamehamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongoka. Alimwona baba yake Jumapili tu, na ikiwa tu askari wa langoni ameamka vizuri.

Lakini Mukiri alikaa mezani mlangoni mwa hospitali akipokea wagonjwa, na ukutani kando yake palikuwa na simu. Na Kithaka alitembea na simu ya kupimia waya ndani ya mfuko wa ngozi.

“Haloo, hospitali.”

“Nina mgonjwa hapa.”

“Anaumwa wapi?”

“Moyo.”

“Tangu lini?”

“Tangu koleo lianguke.”

Kicheko kikabanwa kwa kiganja. “Mwambie dawa ipo. Lakini alete kibuyu kipya kwanza.”

Alileta vitatu. Tangu hapo kila nguzo kati ya Nkubu na mto ilipata ugonjwa wa kuhitaji kupimwa. Waya mmoja ulitumiwa na nusu ya tarafa, kwa hiyo mapenzi yao yalisikika hadi kwenye maduka ya Wahindi, na kuna mwenye duka aliyeacha kuuza sukari ili asikilize vizuri.

“Mpenzi, leo theluji ya mlima umeiona?” Mukiri aliuliza siku moja. “Imepungua. Baba anasema alipokuwa kijana ilishuka mpaka mabegani.”

“Hiyo ni kwa upande wenu. Ukiutazama kutoka Embu, ni mweupe pe.”

“Mlima ni mmoja, wewe!”

“Lakini sisi tunautunza.”

“Kiburi chako, Kithaka, hakikatwi hata kwa msumeno.”

“Ua langu, ukikasirika sauti yako inapasha waya joto. Basi nakubali ni watu. Ni wewe peke yako.”

Ndipo ikaja amri ya waya mpya. Bwana mkubwa wa Posta alichora mstari kwenye karatasi, na mstari ukapita katikati ya shamba la zamani la mzee Riungu. Hapo palisimama mringa mmoja mkubwa. Watu wa pande zile walipofyeka msitu kupata shamba, waliuacha mti mmoja usimame, roho za miti yote iliyokatwa zipate pa kukaa. Zikikosa makao, walisema, zinatangatanga, na nchi inakauka.

“Mti ule usiuguse,” Mukiri alimwambia kwenye simu, na sauti yake haikuwa ya mchezo. “Msitu umekwisha, nyumba imekwisha, mama yangu amekwisha. Umebaki huo.”

“Nitaona la kufanya, mpenzi.”

Alikwenda kwa bwana mkubwa akaomba waya uzungushwe kidogo. Bwana mkubwa akamwuliza kama anataka kazi au hataki. Kibali cha Kithaka cha kukaa Meru kilishikana na kazi hiyo. Bila kazi angevushwa mto Thuci kurudi Embu, au apelekwe kwenye kambi kujibu maswali. Na mti ungekatwa tu, na mtu mwingine, kwa shoka lisilojali.

Kithaka akakumbuka bibi yake wa Embu. Huko kwao, bibi alisema, mti wa namna hiyo ukilazimika kukatwa, unakata tawi lake, unaliegemeza shinani zile roho ziteremkie hapo, na asubuhi unalibeba hadi mti mwingine mkubwa. Lakini njiani usiseme neno. Ukijibu hata salamu, zinashuka palepale, na jua lote linamkalia aliyekusalimu.

Jioni akakata tawi la mringa, akaliegemeza shinani, na alfajiri ya siku ya soko akalibeba. Lilikuwa tawi zito, majani yakiburuza vumbi, na mti aliouchagua, mgumo ulio ng'ambo ya kijito, ulimlazimu kupita njia ya sokoni. Alidhani atawahi kabla ya watu.

Asubuhi hiyo Mukiri alikuwa ametumwa maharagwe. Alivaa gauni jipya la maua mekundu, kiuno kimebanwa, viatu vyeupe vimepakwa chokaa, na alitembea na Gacheri na akina mama wengine akitumaini atamwona mtu fulani. Akamwona.

“Kithaka!”

Kithaka akaendelea.

“Kithaka! Ni mimi.” Kisha akatoa neno ambalo hakuwahi kulisema nje ya waya wa simu. “Mpenzi, hunioni?”

Alimwona. Aliliona hata ua lililokuwa karibu na kola. Alikaza macho ardhini, akauma meno, na akampita hatua moja kutoka begani kwake bila kugeuza shingo.

“Uuui!” Gacheri akacheka. “Ndiye huyo bwana wako? Amekupita kama kigingi cha ua!”

Akina mama wakapiga makofi. Mukiri alisimama na gauni lake jipya katikati ya njia mpaka wote walipomtangulia. Saa nane mchana akasikia kishindo kutoka upande wa shamba lao, kishindo kilichotikisa dawa kwenye rafu za hospitali, na hakuhitaji kuambiwa.

“Haloo, hospitali.”

“Mukiri, ni mimi. Nisikilize—”

Akaikata.

Kithaka alipiga kila siku. Akasema na mfagiaji, akasema na mpishi, na mara moja akajikuta akimlilia mgonjwa wa meno. “Mukiri amesema nikuambie hayupo,” walimjibu, wakimhurumia. Waya mpya ukakamilika, ukanyooka kama bwana mkubwa alivyoutaka, na kazi ikaisha. Kibali nacho kikaisha. Wakampakia kwenye lori, wakamvusha Thuci arudi Posta ya Embu, na kizuizi cha darajani kikashuka nyuma yake.

Upande wa Nkubu simu ikaacha kulia. Kwanza Mukiri alifurahi. Baadaye akaanza kuifuta vumbi mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Jumapili moja alimkuta baba yake kijijini akishona kiatu chake kwa waya, amekasirika.

“Wale walipokata mti wetu,” mzee Riungu alinguruma, “kuna mtu alihamisha roho. Nimepita pale kijitoni tukipelekwa kuchimba handaki. Tawi la mringa limeegemezwa kwenye mgumo, limefungwa vizuri kabisa. Ni kazi ya Kiembu hiyo, niliiona nikiwa kijana nikinunua mbuzi huko. Sisi hapa tungekwenda wazee wote, tuimbe, tunywe. Huyo amefanya peke yake, bila hata tone la pombe! Mchoyo gani?”

“Peke yake, baba?”

“Peke yake, na mdomo umefungwa. Akibeba hilo tawi hasemi na mtu. Akikujibu, mzigo wote unashuka kwako, unakauka kama ngozi juani.” Akainua macho. “Mbona umenyamaza? Wewe? Unaumwa?”

Kesho yake simu ililia Posta ya Embu, na sauti ya kike ikaamuru: “Mwambieni mpanda nguzo Kithaka awe daraja la Thuci Jumamosi.” Nusu ya tarafa ikasikia, na mwenye duka akajimwagia sukari.

Mukiri alipata kibali cha kufika kizuizini tu. Alisafiri juu ya lori lililokuwa likienda kupakia ndizi kando ya mto, akashuka darajani amejaa vumbi hadi kwenye kope. Kizuizi cha upande wa Meru kililindwa na homugadi aliyeitwa Misheck, mtu mkubwa mwenye bunduki ndogo.

“Hakuna kuvuka,” Misheck alisema. “Kuongea sikuambiwa.”

Kithaka alikuwa amesimama ng'ambo tangu asubuhi, shati jeupe, kaptura ileile. Walikuwa na daraja zima kati yao, kwa hiyo walilazimika kupaza sauti.

“Kwa nini hukuniambia kabla?”

“Nilidhani uko hospitali! Nilidhani nitakuambia jioni!”

“Ungenikonyeza hata jicho!”

“Niliogopa! Bibi hakusema kama jicho linahesabiwa!”

Mukiri akacheka, kisha akaacha. “Lakini wewe huamini, Kithaka. Ulisema mtu hawezi kuongeza jua. Ulisema ni Mungu.”

“Hata sasa nasema.”

“Basi tawi ulilibeba la nini?”

Chini yao mto ulipita katikati ya mawe mengi makavu.

“Kwa sababu wewe unaamini. Nikafikiri, kama mimi ndiye niliyekosea, jua lisije likakupata wewe.”

Misheck akakohoa. “Mimi nasema ni watu,” akatangaza kwa wote. “Nilipozaliwa mto huu ulifika hapa,” akajigusa kifua.

“Ni Mungu!” dereva wa lori la ndizi akapinga kutoka dirishani.

“Mungu alishika shoka?”

“Na wewe uliwasha jua?”

“Nyamazeni!” Mukiri akawapigia kelele. “Watu wanataka kuchumbiana hapa!”

Wakanyamaza, na Misheck akavua kofia.

“Mukiri wa Riungu,” Kithaka akaita, na sauti ikamkatika kidogo juu ya maji, “utakubali niwe mume wako?”

“Nimekubali. Lakini nani atakuja kusema na baba? Huwezi kuvuka.”

“Mpaka Hali ya Hatari iishe.”

“Itaisha lini?”

Kithaka akamtazama Misheck. Misheck akaitazama kofia yake.

“Basi nitangoja,” Mukiri alisema. “Lakini piga simu. Tutabishana.”

“Juu ya nini?”

“Juu ya jua! Hilo halina mwisho.”

Askari wa ng'ambo akamwambia Kithaka imetosha. Dereva akapiga honi. Mukiri akapanda juu ya mikungu ya ndizi, akakaa akiangalia nyuma, na lori likaanza kupanda mlima kuelekea Chuka.

Kithaka alivaa viatu vyake vya chuma, akapanda nguzo ya kwanza ya upande wa Embu ili aione barabara ya ng'ambo. Aliliona lori kwenye kona ya kwanza, akaliona kwenye ya pili likiwa dogo kama kiberiti, kisha akaona vumbi, kisha barabara. Akatoa simu ya kupimia, akaishikiza kwenye waya, akapiga hospitali ya Nkubu. Alijua kabisa kwamba mtu wa kuijibu yuko kwenye lori, na kwamba hatafika kabla ya jioni. Alijiegemeza kwenye mkanda, jua likimchoma kisogoni, akaisikiliza simu ikilia kwenye meza ya Mukiri.