Mkono Juu ya Usukani

Kila Jumatano, kengele ya mwisho ikishalia, stoo ya maktaba ya shule hugeuka kuwa chombo cha anga. Viti vibovu hupangwa kuelekea dirishani, kifuniko cha sufuria kubwa hufungwa kwenye nondo kiwe usukani, na Chama cha Wapenzi wa Hadithi za Sayansi husafiri hadi sayari za mbali. Wanachama ni wanne tu: Kapteni, Daktari, Fundi Mitambo na Rubani. Husoma sura moja, kisha huiigiza. Majina ya nyumbani huachwa mlangoni pamoja na mabegi.

Rubani alikuwa binti wa fundi cherehani. Alihamia shule hiyo akiwa hamjui mtu, na kabla ya kukipata chama alikula chakula cha mchana peke yake, akijifanya anasoma. Sasa alikuwa na wenzake, akawatunza kama mboni ya jicho.

Kwao kulikuwa na desturi moja. Kaka yake aliendesha lori la masafa marefu, na kila alipotaka kuondoka, mama na binti walipanda, wakaweka mikono juu ya usukani, na mama akasema, "Mungu, umfikishe salama, umrudishe salama." Ndipo injini ikawashwa.

Jumatano moja Kapteni alikuwa anahesabu kurudi nyuma ili chombo kiruke. Bila kufikiri, Rubani akaweka kiganja juu ya kifuniko na kusema kwa sauti, "Mungu, utufikishe salama."

Kapteni akaacha kuhesabu. "Unaongea na nani?"

"Anapiga simu mbinguni!" Fundi Mitambo akaangua kicheko.

"Huko hakuna mtandao," Daktari akadakia.

Kapteni hakucheka. "Watu wa sayansi hatuna mambo hayo. Kwani wewe unaamini?"

Rubani akakumbuka zile saa za mchana za kula peke yake. Ulimi hauna mfupa. "Aa, natania tu," akasema. "Mimi siamini hayo."

Jumamosi kaka akawa anaondoka. "Leo omba wewe, mwanangu," mama akasema. "Umeshakua."

Rubani akaweka mkono juu ya usukani. Maneno aliyoyajua tangu utotoni yakakataa kutoka.

"Vipi, mdogo wangu, umemeza kufuli?" kaka akamtania.

Mama akamtazama, kisha akaomba mwenyewe. Lori likaondoka, na Rubani akabaki kando ya barabara hata vumbi lilipotulia. Chamani alificha kwamba anaomba. Nyumbani alificha kwamba ameikana sala. Upweke huu ulimuuma kuliko ule wa zamani, kwa sababu sasa alikuwa mpweke katikati ya watu wanaompenda.

Jumatano iliyofuata, kabla Kapteni hajaanza kuhesabu, Rubani akasimama.

"Niliwadanganya," akasema. "Mimi namwamini Mungu. Naomba kila siku. Mkitaka nitoke, nitatoka."

Uso wa Kapteni ukamshuka. "Toka basi," akasema kwa sauti ndogo. "Hata hivyo, kwenu watakukataza kucheza na mimi."

"Wanikataze kwa nini?"

"Mimi na baba hatumwamini Mungu. Majirani walipojua, wakawaambia watoto wao wasije kwetu. Mpira wenyewe nacheza na ukuta. Ndiyo maana nilianzisha chama. Nilitaka mahali ambapo mtu hataniuliza."

Hakuna aliyecheka. Rubani alimtazama Kapteni kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kumbe wote wawili walikuwa wakiukimbia upweke uleule.

"Sijui mama atasema nini," akamjibu. "Nitamwuliza, sitamficha. Lakini mimi sikukatai. Kaka akirudi, njoo uone lori."

Kapteni akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Usitoke," akasema. "Nilikosea."

Mkutubi, mwanamke aliyekuwa akibandika lebo kwenye vitabu nje ya mlango, alikuwa amesikia yote. Akaingia, gundi ingali vidoleni.

"Haya, wasafiri," akasema. "Kila Jumatano mnakutana na viumbe wenye macho saba, mnawapa mikono. Mwenzenu anayesali, au asiyesali, ndiye mnayemtupa nje dirishani?"

Fundi Mitambo akainamisha kichwa. Daktari naye akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," mkutubi akaendelea. "Kapteni, uchungu wa kufukuzwa unaujua, usimwonjeshe mwenzako. Na wewe Rubani, rafiki unayempata kwa uongo hakupendi wewe, anampenda yule uliyejifanya kuwa. Ukweli ungeweza kukutoa humu, na bado ukausema. Hivyo ndivyo watu wanavyofahamiana. Sasa rusheni chombo chenu, maktaba inakaribia kufungwa."

Kila mtu akarudi kitini. Kapteni akahesabu kurudi nyuma mpaka akafika moja, kisha akanyamaza.

"Rubani," akasema, "hujaweka mkono."

Rubani akaweka kiganja juu ya kifuniko, akaomba, na safari hii maneno yakatoka. Kapteni hakufumba macho wala hakuitikia. Alitazama nje ya dirisha, akamsubiri mpaka akamaliza.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari."

"Sifuri!" Kapteni akapaza sauti, na chombo kikaruka na watu wake wote wanne.