Njiti Haijui Upana

Mwanne anaishi Kurui, wilaya ya Kisarawe, pamoja na mumewe Kitwana. Wanalima mihogo na korosho. Kila jioni, wakirudi kutoka shamba, Mwanne hukaa kwenye kigoda nje ya nyumba na kuosha miguu yake. Husugua visigino kwa jiwe, kisha huipaka miguu mafuta ya nazi. Miguu hiyo ni safi kuliko sahani za watu wengine. Lakini ni mipana.

Alipokuwa shuleni, wenzake walimwita Bata. Alicheka pamoja nao, lakini hakusahau.

Jioni moja, kabla hajamaliza kuosha, simu ililia. Alikuwa binti yake Hajira. Hajira ni fundi cherehani, ana chumba cha kushonea Kongowe, Kibaha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo huko?"

"Sijambo. Mama, harusi yangu imebaki wiki nne. Sare yako nimeshamaliza kuishona. Sasa bado viatu. Nimeona vya rangi ya dhahabu, vizuri mno. Nitumie kipimo."

Kitwana alisikia maneno hayo. Hakusubiri kuambiwa. Alikwenda nyuma ya mlango, akachomoa njiti moja kwenye ufagio wa chelewa. Akainama mbele ya mkewe. Akaiweka njiti chini ya mguu, kuanzia kisigino mpaka ncha ya kidole gumba. Akaikata hapo.

Watu wengi hufanya hivyo. Mtu akienda mjini, unampa njiti ya mguu wako akununulie kiatu. Katika nyumba ya Kitwana, ufagio ulikuwa umekonda kwa sababu ya miguu ya Mwanne.

Asubuhi jirani yao alikuwa anakwenda Kibaha. Akaichukua njiti. Siku ya tatu viatu vilifika pamoja na njiti yake, na kweli vilikuwa vizuri. Viling'aa. Vilikuwa na ncha nyembamba mbele na ua dogo pembeni. Mwanne alivishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Kisha akajaribu kuvivaa.

Vidole viwili viliingia. Vitatu vilibaki nje.

"Sukuma," alisema Kitwana.

"Nasukuma."

"Tia mafuta kidogo."

"Baba Mboni, hiki ni kiatu, si pete."

Mwanne alisukuma mpaka jasho likamtoka. Mwishowe mguu uliingia, lakini vidole vilipandana. Alitembea hatua nne tu. Akavivua, akaviweka juu ya meza, akabaki anavitazama.

"Tatizo ni namba," alisema Kitwana kwa uhakika wa mtu asiyejua. "Mguu wako ni mkubwa. Tuongeze namba."

Akachomoa njiti nyingine. Safari hii alipofika kwenye kidole gumba, aliongeza upana wa vidole vyake viwili, ndipo akakata. Hajira alirudishiwa viatu pamoja na njiti hiyo, akavibadilisha dukani, akatuma vingine vikubwa zaidi. Sasa mguu uliingia bila shida. Ila kisigino kilikuwa kinapwaya, na mbele kulibaki nafasi ya kuweka limau.

"Vimekutosha," alisema Kitwana. "Hebu cheza tuone."

Mwanne alikunja khanga yake kiunoni akaanza kucheza uani. Alicheza vizuri, maana kucheza anajua. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Alipogeuka mara ya tatu, kiatu kimoja kiliruka na kutua ndani ya karai la mihogo iliyolowekwa. Maji yakamrukia Kitwana usoni.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Halafu Mwanne akakaa kwenye kigoda. Kitwana alipomtazama, aliona machozi.

"Umeumia, mama Mboni?"

"Sikuumia. Nimekumbuka harusi ya Mboni."

Mboni ni binti yao wa kwanza. Siku ya harusi yake, Mwanne alivaa viatu vya kubana. Vilimtoa malengelenge. Akavivua chini ya meza kwa siri, apumzike kidogo. Mshereheshaji alipoita, "Mama mzazi wa bibi harusi apite mbele kwa picha," miguu ilikuwa imevimba. Viatu vilikataa kabisa kuingia. Mwanne aliona aibu kwenda peku mbele ya wakwe. Akajifanya anakwenda jikoni. Picha zikapigwa. Mashangazi wamo, majirani wamo, hata mpishi yumo. Mama mzazi hayumo.

Picha hiyo imetundikwa ukutani kwa Mboni. Kila Mwanne akienda kumtembelea binti yake, hukaa akiipa mgongo.

Usiku ule ule alimpigia Hajira. "Mwanangu, mimi siku ya harusi nitakaa jikoni na wapishi. Usihangaike tena na viatu."

Hajira akasema, "Mama, ukikaa jikoni, mimi nitapigia picha jikoni na shela langu. Njoo Kongowe. Kuna fundi viatu hapa anaitwa Mashauri. Nitakupeleka kwake."

Wiki hiyo Mwanne alikwenda Kongowe. Hajira alimpeleka kwenye kibanda cha fundi saa tatu asubuhi. Mashauri alikuwa mtu mnene wa makamo, amekaa kati ya vipande vya ngozi, anagonga soli.

"Karibuni. Mama umetoka wapi?" aliuliza baada ya salamu.

"Kisarawe, Kurui."

"Mzaramo?"

"Mzaramo hasa."

Fundi aliweka nyundo chini. "Basi leo sifanyi kazi. Mimi Msukuma. Watani zangu wakija hapa wanataka viatu vya kuchezea tu. Cha kwendea shamba hawakiulizi."

"Nimefuata hivyo hivyo vya kuchezea," alijibu Mwanne. "Ila angalia mtani, usije ukanitengenezea kwato za ng'ombe. Mimi nataka viatu."

Fundi alicheka sana. Tangu hapo mambo yakawa mepesi. Hajira alimweleza habari za viatu vilivyobana, na vile vya namba kubwa vilivyopwaya. Mwanne alifungua pindo la khanga yake, akatoa njiti ya kwanza, ile ya bila kuongezwa.

"Kipimo changu hiki hapa."

Mashauri aliipokea. Akaigeuza. Akamtazama Hajira, ambaye alikuwa na futi yake ya kupimia nguo shingoni, maana alitoka kazini moja kwa moja.

"Wewe ni fundi cherehani?"

"Ndiyo."

"Mteja akikuletea njiti yenye urefu wake, akakwambia, nishonee gauni, utamshonea?"

"Siwezi. Nitajuaje kifua? Nitajuaje kiuno na nyonga?"

"Sasa mama yako umemnunulia viatu kwa njiti. Njiti inajua urefu. Haijui upana."

Hajira aliziba mdomo kwa mkono. Miaka yote anapima watu kwa futi hiyo, na hakuwahi kuishusha mpaka kwenye mguu wa mama yake.

"Rudini saa kumi jioni," alisema fundi. "Asubuhi mguu ni mdogo. Mtu akishinda anatembea na kusimama, unatanuka kidogo. Ukipima asubuhi, kiatu kitakubana jioni. Na harusi ni saa ngapi?"

"Jioni," alisema Mwanne, na hapo akaelewa.

Waliporudi, Mashauri alitandaza karatasi chini. "Simama juu yake, mama. Usikae. Ukisimama, mguu unabeba mwili, unaonyesha upana wake wa kweli."

Alichora kuzunguka mguu wa kulia, penseli ikiwa wima. Kisha akachora wa kushoto.

"Kwa nini yote miwili?" aliuliza Mwanne.

"Miguu ya mtu mara nyingi hailingani. Tunafuata ule uliozidi."

Halafu alimwomba Hajira futi. Akapima upana mahali palipo papana zaidi, karibu na vidole. Akazungusha futi juu ya mguu pia, akaandika. Mwisho akamwambia Hajira naye asimame kwenye karatasi nyingine. Akachora mguu wake. Akaziweka karatasi mbili pamoja, moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga.

"Hajira, wewe unavaa namba ngapi?"

"Thelathini na tisa."

"Tazameni hapa."

Walitazama. Kwa urefu, michoro ile ilikuwa sawa. Kisigino juu ya kisigino, kidole gumba juu ya kidole gumba. Pembeni tu ndipo mchoro wa Mwanne ulizidi.

"Mimi na Hajira namba moja?" aliuliza Mwanne polepole.

"Namba moja. Mama, mguu wako si mkubwa. Ni mpana. Hayo ni mambo mawili. Ulipokuwa unaongeza namba, ulikuwa unaongeza urefu usiouhitaji. Ndiyo maana kiatu kinapwaya nyuma."

Miaka arobaini na saba Mwanne alikuwa anaamini ana miguu ya kutisha. Kumbe ni sawa na ya binti yake, imezidi pembeni tu.

"Na upana huu ni wa tangu lini?" fundi aliuliza.

"Tangu utotoni. Na marehemu mama alikuwa hivi hivi."

"Basi ni umbo lako. Ungeniambia umevimba ghafla, au umevimba mmoja tu, au unauma, au una ganzi, nisingechukua kazi. Ningekwambia uanze zahanati. Mwenye kisukari naye asicheze na kiatu cha kubana, kidonda kidogo kinaweza kumletea balaa. Mimi nagonga soli tu, si daktari."

"Lakini watu wanasema kiatu kikibana, kivae tu, kitafunguka," alisema Hajira.

"Ngozi halisi hulegea kidogo. Ya plastiki hailegei. Kinacholegea ni mguu wako. Kucha zinaingia kwenye nyama, vidole vinapinda, sugu zinaota."

Alichukua kalibu kutoka kwenye rafu. Kalibu ni mfano wa mguu, wa mbao, ambao fundi huutumia kuvishia ngozi anapotengeneza kiatu. Akaonyesha pembeni. "Hii ni ya mguu mwembamba. Nitabandika vipande vya ngozi hapa na hapa mpaka ilingane na karatasi yako. Kiatu kitafuata hivyo."

Ndipo Mwanne akasema lililokuwa linamkera tangu asubuhi. "Fundi, viatu vipana nimeviona. Ni vya wazee, vyeusi, vibaya. Mimi ni mama wa bibi harusi. Nataka vya dhahabu. Nataka na ua."

"Ua utapata. Ila ncha ile nyembamba uiache. Mbele nitaweka duara, vidole vikae kama vilivyozaliwa. Hapa juu nitakata mdomo wa kiatu uwe wazi kidogo, mguu utaonekana umechongoka. Kwenye kifundo nitaweka mkanda wa kufunga, wenye matundu kama wa saa. Mguu ukivimba, unalegeza tundu moja. Kisigino kifupi, kinene. Hicho hakikuangushi ukicheza."

"Na nikitaka kununua dukani siku nyingine?"

"Nenda na karatasi yako, na uende jioni. Kama soli ya ndani inatoka, itoe, uiweke chini, uikanyage. Mguu ukimwagika pembeni, kirudishe hata kama ni kizuri namna gani. Na ukivaa, simama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya unene wa kidole kimoja cha mkono. Halafu tembea dukani. Muuza duka akinuna, muache anune."

Siku ya harusi ilifika. Ukumbi ulikuwa Kongowe. Hajira alikaa mbele na mumewe Amiri. Muziki ukabadilika, na mshereheshaji akawaita akina mama wa upande wa bibi harusi waingie.

Mwanne aliingia wa kwanza. Alivaa sare ya kijani na viatu vya dhahabu vyenye ua. Aliingia akicheza. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. Alipogeuka mara ya tatu, Kitwana, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alikinga uso wake kwa mkono.

Kiatu hakikutoka.

Mashauri naye alikuwa amealikwa. Alisimama nyuma ya ukumbi akauliza kwa sauti, "Mtani, kwato zinabana?"

"Hazibani, mtani. Njoo ujifunze kucheza."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwanne alicheza nyimbo tatu. Katikati alilegeza mkanda tundu moja, akaendelea. Hakuvua kiatu chini ya meza, na jikoni hakufika kabisa.

Baadaye mshereheshaji akaita, "Mama mzazi wa bibi harusi, apite mbele kwa picha."

Mwanne alipita. Alisimama katikati ya Hajira na Mboni, akawashika mikono wote wawili. Mpiga picha aliinua kamera, akawapanga vizuri, akawaambia watabasamu.

"Subiri kwanza," alisema Mwanne. Akainua gauni lake kidogo, mpaka juu ya kifundo cha mguu. "Piga mpaka chini, baba. Miguu iingie."

Picha hiyo sasa imetundikwa sebuleni Kurui, na ya pili iko kwa Mboni, kando ya ile ya zamani. Mwanne akienda huko, hukaa akiitazama. Karatasi yenye mchoro wa miguu yake ameihifadhi sandukuni pamoja na khanga zake nzuri. Majirani wawili wameshakuja kuomba wachorewe ya kwao. Kitwana ndiye anayewachorea, penseli ikiwa wima, na huwaambia wasimame, wasikae. Na ufagio mpya ulio nyuma ya mlango haujapungua hata njiti moja.