Sura Juu ya Nguo ya Gome

Rangi ilikataa kukauka. Juma zima Anena aliigusa kila asubuhi, na kila asubuhi kidole kilirudi na weusi wenye harufu ya udongo uliofukuliwa. Akalaumu mvua. Mtu asiyetaka kujua jambo hakosi cha kulaumu.

Alifundisha uchoraji katika kituo cha sanaa kilichopakana na shule moja ya msingi kule Nakawa, ambako watoto wa mtaa mzima waliingia masomo yakiisha. Miaka ile baada ya vita turubai halikupatikana, kwa hiyo walichora juu ya magunia na maboksi. Basi alipomkuta mtu mtaani Kawempe akiuza nguo pana ya gome la mti, kuukuu, yenye madoa, kwa bei ya kutupa, hakuuliza ilikotoka. Mganda yeyote angeuliza. Anena alikuwa Mwacholi, na mgeni ni kipofu ingawa ana macho.

Alikusudia kuwakatia watoto. Mwishowe akaichukua yeye, amchore mumewe.

Okwir alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa mwaka 1986. Alikimbilia kaskazini na wenzake, na hakuna aliyeleta hata habari ya maiti yake. Nyumba zilipoanza kupekuliwa, Anena alizichoma picha zake zote jikoni kwa mkono wake mwenyewe, maana picha ya mume mwenye gwanda ilitosha kukuponza. Akidi alikuwa bado tumboni. Sasa alikuwa na miaka minne na alitaka kujua jambo moja tu, baba yake anafananaje. Anena aliwachukia waliomtia hofu ile, akajichukia yeye zaidi.

Pua ilimtaabisha. Asubuhi akaikuta imenyooka, nzuri kuliko alivyoiacha. Kesho yake midomo ilikuwa imekamilika, na macho nayo yakaanza kumfuata kila alikokwenda, naye badala ya kukimbia akalia kwa furaha. Ndiye! Ndiye kabisa!

"Mama," Akidi alinong'ona siku moja, "Baba anasikia baridi. Anasema walimvua."

Mtoto akaacha kula. Ngozi yake ikawa baridi hata mchana wa jua. Kisha alasiri moja ya mvua hakuonekana, na Anena akaingia ukumbi wa kituo akiita, akaona ukuta alikoitundika picha ni mtupu, akaona kitu kirefu sakafuni, na alipopiga magoti akatambua kwamba mwanawe amefungwa ndani ya ile nguo toka kichwani hadi miguuni, ncha zimekazwa kwa ustadi ambao mikono ya mtoto haina, na ndani mlisikika pumzi mbili, moja ndogo ya haraka, nyingine nzito, taratibu, ya mtu mzima.

Olweny, mlinzi wa kituo, alisikia ukelele akaja mbio. Alikuwa askari mwenzake Okwir zamani. Wakamfungua mtoto, yu hai. Olweny akaitazama ile sura.

"Shemeji, huyu nani?"

"Humjui Okwir? Mlikula sahani moja!"

"Nilikaa na Okwir miaka mingi." Sauti yake ilishuka. "Hii si yeye. Hata kidogo."

Anena alitazama tena. Bado alimwona mumewe.

Wakamwita Sheikh Dawudi, Mganda wa Kawempe, mtoa majini kwa kisomo. Aliinusa nguo hata kabla ya kufungua msahafu, akarudi nyuma.

"Banange! Nnyabo, hii kitu umenunua? Huku kwetu watu wanafungia nayo maiti. Kuna mtu amefukua kaburi, akauza. Mwenyewe amefuata nguo yake. Hakuwa na uso, wewe umempa."

"Tufanye nini?"

"Tunazika leo. Yote."

"Niachie uso tu," Anena alisihi. "Niukate, mzike iliyobaki. Sina kingine chake."

"Uso ama mtoto, nnyabo. Chagua."

Akidi alikuwa akitetemeka mikononi mwa Olweny. Anena akaikunja nguo mwenyewe, akailaza mwenyewe ndani ya shimo nyuma ya ukumbi, mazishi ya mumewe ambayo kwa miaka yote aliyakataa. Sheikh alisoma. Udongo wa kwanza ulipoanguka, mtu alikohoa chini. Jioni ile Akidi aliomba chakula.

Ingekuwa heri mambo yaishie hapo. Mtoto alipopona alisema, "Mama, nichoree Baba tena." Anena hakuogopa. Nimelala ubavuni mwake, alijiambia, nitamkosaje? Akachukua karatasi nyeupe, mpya, mchana kweupe, watoto wakipiga kelele pembeni. Penseli haikusita hata mara moja.

Olweny alipita, akasimama. Akaivuta karatasi kabla Akidi hajaiona.

"Usimpe," alisema. "Ni yule yule."

Anena akafumba macho kumtafuta mumewe. Mikono yake aliiona, na shati lake la kijani, hata kicheko alikisikia. Juu ya kola alikuwapo yule mwingine, akimtazama.