Nongo za Uso Wangu

Jua lilikuwa linazama nilipoingia dukani kwa Mwendwa kutafuta skrabu ya uso. Nilisubiri wateja wengine watoke kwanza. Ngozi yangu ilikuwa imekauka na kubanduka kando ya pua na chini ya midomo, na kila sabuni niliyojaribu iliniwasha. Jumamosi, Titus na watu wake wangeleta mbuzi wa uchumba nyumbani kwetu Kaloleni. Ningewakaribishaje na uso kama ule?

"Ni ya nani?" Mwendwa aliuliza, kwa sauti ambayo hata wa bodaboda nje waliisikia.

"Ya dadangu."

Sina dada. Alinitazama usoni, na aibu ikanipanda hadi masikioni.

Nilishika ile ya bei rahisi, yenye punje za kokwa zilizosagwa. Akatikisa kichwa. "Hiyo usimpe dadako. Ngozi kavu na hizo punje ni kama kujipiga msasa. Itamchubua. Achukue hii ya oti, ni laini, haina manukato." Niliona bei ya ile ya oti, nikairudisha kwenye rafu taratibu, nikasema nitapita kesho. Alijua sitapita.

Nilirudi kwa njia ya nyuma ili nisikutane na mtu. Ndipo nikasikia harufu. Asumini... liwa... na chini yake harufu nyingine, ya nguo mbichi iliyofungiwa chumbani.

"Mwanangu."

Nilisimama.

Mwanamke alikuwa amekaa kizingitini pa nyumba niliyodhani haina mtu. Buibui lilimfunika mwili na uso. Mikono tu ndiyo ilionekana, laini mno, haina mikunjo hata kwenye viungo vya vidole.

"Wajificha nini?" alinong'ona. "Njoo."

Alininyooshea kibakuli cha singo. Singo naijua. Jirani yetu Zaitun alisuguliwa nayo siku za harusi yake, ule mchanganyiko wa maua na liwa, unga wa mti wa manukato, akatoka anang'aa.

"Jisugue polepole. Haitakuwasha. Kitakachotoka usikimwage. Kifunge kitambaani uniletee."

"Nongo zangu? Za nini?"

"Ndivyo ifanywavyo."

Nilikumbuka kwamba hata za Zaitun zilikusanywa kwenye sinia. Basi nikadhani ni desturi yao tu. Mimi Mkamba wa kanisani, niliona haya kuonekana mshamba, nikaacha kuuliza.

Singo haikuniwasha hata kidogo. Nongo zilitoka... zikatoka... nyingi kuliko uso mmoja unavyoweza kubeba. Kwenye kioo nilijiona laini kama mtoto. Hata kovu la kwenye nyusi, nililopata nikianguka na baiskeli, lilikuwa limeondoka.

Ningekuwa Mwislamu ningeapa wallahi. Nilifurahi!

Kesho yake magharibi nilimpelekea kifurushi nikikificha chini ya leso. Kumpelekea mtu uchafu wangu kulinidhalilisha kuliko nilivyotarajia. Mlango ulifunguka kidogo, mkono ukatoka, ukakipokea. Nikasikia kitambaa kikifunguliwa. Kisha sauti ya kusugua.

Sugu... sugu... sugu...

"Asante, Ndila."

Sikuwa nimemwambia jina langu.

Jumamosi wageni walifika. Kwetu bwana harusi humchagua mchumba wake kati ya wasichana waliofunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni. Akikosea anatozwa faini ya soda na kuchekwa. Shangazi Kalondu alitukalisha kwenye mkeka, mimi na binamu zangu watatu, akatufunika.

"Mbona mko watano?" nilimsikia akisema. "Haya, jirani amejiunga. Titus atakoma leo!"

Wanawake walicheka. Chini ya leso kulinuka asumini. Nilidhani ni uso wangu. Bega la aliyekaa kando yangu lilikuwa baridi.

Titus alinikaribia. Alisimama mbele yangu, nikabana kicheko... Akapita.

"Ni huyu," alisema.

Vigelegele vikalipuka. Nikangoja atozwe faini. Hakuna aliyeitaja. Nikainua pindo la leso.

Magamba kando ya pua. Kovu kwenye nyusi.

Ulikuwa uso wangu, ule ule niliokuwa nauficha dukani, na yule aliyekaa kando yangu hakuuficha. Aliuinua juu watu wote wauone. Titus aliigusa ile ngozi inayobanduka, kwa upole ambao sikuwahi kumruhusu anionyeshe kwa sababu nilikuwa nageuza uso kila mara.

"Huu uso siwezi kuukosea," alimwambia.

Nilivua leso yote. Mama alinijia akanitazama kwa ile heshima anayowawekea wageni.

"Karibu, mama. Wewe ni rafiki wa Ndila?"

Nilitaka kusema jina langu. Watu wote walikuwa wananiangalia, na kwa aibu nikainamisha kichwa.

Zaitun ndiye aliyenivuta kando. Alikuwa ameinusa ile harufu. "Singo yako umepewa na nani?" alinong'ona. "Na nongo umempa nani? Kwetu za bi harusi hukusanywa na somo wake, yule anayemfunda, akaenda kuzizika. Hapewi mtu!"

"Zaitun, ni mimi."

Aliuachia mkono wangu. "Mimi nani?"

Nilikimbilia ile nyumba. Mlango ulikuwa na kufuli lenye kutu. Kibakuli kilikuwa kizingitini, kimeoshwa.

Jioni hiyo niliingia tena dukani kwa Mwendwa. Nilichukua ile ya bei rahisi, yenye punje za kokwa. Alinitazama kama mteja asiyemjua.

"Dada, na ngozi yako ni nzuri hivyo! Hii ni ya nani?"

"Ya dadangu."

"Mwambie itamchubua."

"Ndivyo anavyotaka," nikasema.

Kila magharibi najisugua hadi mikono inaishiwa nguvu. Hakuna kinachotoka.