Kituo Kilichobaki

Siku aliyozikwa Evelina kule Michenga ilikuwa siku kama siku nyingine. Jua la masika lilichoma kidogo, likajificha, likachoma tena. Majaruba yalijaa maji na nyangenyange walisimama humo kama wenye shamba. Wali ulipikwa ukatosha, jambo la kushukuru kwenye misiba ya siku hizi. Wenye kulia walilia, waliokuja kula walikula. Na Herieth, mtoto wa kaka yake marehemu, alikuwa ameinamia simu.

Herieth ni jirani yangu hapa Kibaoni, ukuta wake ndio ukuta wangu, kwa hiyo haya sikuyaokota sokoni. Si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka. Kama uzazi ungefanyika kwa simu, mwanawe Kristina angezaliwa mama yake yuko foleni ya mashine ya mpunga.

Huyo Kristina ndiye ambaye Evelina alimlilia miaka yote. Miguu ilikuwa imemvimba, hatoki nje ya ua wake. Kila mtu wa mjini akipita, alimtuma: "Mwambieni Herieth aniletee mtoto nimpakate, kabla macho hayajafumba." Na Herieth kila mara alijibu, "Nitapita, shangazi." Mtoto akaota meno, akatembea, akajua kutukana kuku. Hajapelekwa. Hata siku ya harusi hakuna aliyekwenda kumchukua yule mama, ndiyo maana Ngusa, mume wa Herieth, Msukuma wa watu, alikuwa hamjui shangazi wa mkewe hata kwa sura. Siku ya mazishi pia alibaki nyumbani na Kristina, maana mtoto alikuwa na tetekuwanga.

Sasa, watu wa ule ukoo wana desturi yao. Ukitoka kaburini, unakuta beseni la maji na majani langoni mwa nyumba ya msiba. Unanawa mikono, unanawa miguu, ndipo unakwenda utakako. Wa mwisho akishanawa, maji yanamwagwa na beseni linafunikwa chini. Halifunuliwi tena mpaka msiba mwingine. Asiyenawa huondoka na mwenyeji wa kaburi, na kila atakapokanyaga, amemfikisha mgeni.

Herieth alitoka makaburini moja kwa moja kwenda barabarani. Alikuwa ameshaita bajaji kwa ile programu ya simu, na kwa kuwa ni mtu wa kuua ndege wote kwa jiwe lake moja, alikuwa ameongeza vituo: kwanza kwa Nickolaus fundi cherehani, achukue sare ya mtoto ya chekechea, kisha kwa rafiki yake Kandida, achukue mchele, mwisho nyumbani Kibaoni.

"Herieth!" Shangazi Sikitu, mdogo wake marehemu, alimwita kutoka langoni. "Beseni hili hapa. Njoo unawe."

"Nitanawa nyumbani, shangazi. Bajaji inanisubiri."

"Tangu lini tairi kumsubiri mwenye miguu ikawa hoja?"

Herieth akacheka, akapanda. Dereva, kijana mmoja anaitwa Deus, alichungulia kwenye kioo chake, akasema, "Karibuni," akawasha. Bajaji ikalala kidogo upande wa kushoto. Herieth alikuwa amekaa kulia.

Kwa Nickolaus alishuka. Fundi alimpa pole ya msiba, akamtolea kigoda, akaleta maji vikombe viwili. Kimoja akampa. Kingine akakiweka kwenye benchi, pembeni yake. Herieth alidhani fundi amejiwekea mwenyewe. Akakagua sare, akasifia mshono, akaaga. Alipoinuka alikiona kile kikombe cha pili.

Kilikuwa kitupu. Na tangu alipokiweka, Nickolaus hakuwa ameinuka kwenye cherehani yake.

"Dada," Deus akamuuliza alipopanda, "bibi hatumsubiri?"

"Bibi gani?"

"Huyo uliyekuja naye. Mlishuka wote." Kisha akaangalia kioo. "Aa, kumbe ameshapanda. Samahani, bibi."

Herieth aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimebonyea.

Alitaka kumtukana yule kijana. Akajibana ubavuni mwa bajaji mpaka chuma kikamwumiza. Hakuangalia tena kushoto. Alisikia tu harufu. Udongo uliochimbwa asubuhi.

Walipofika kwa Kandida, mwenyewe alikuwa mlangoni na ungo, akacheka kwa mbali. "Njoo na mgeni wako basi, mbona mmekaa humo kama mayai?"

Simu ikalia. Alikuwa Eliza, mke wa Nickolaus.

"Herieth, ulikuja na nani kwangu?" Sauti yake ilikuwa chini, kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Mume wangu amemsindikiza bibi mpaka mlangoni. Amerudi, ameketi kwenye cherehani. Ameinama. Herieth, hainuki. Namwita, hainuki."

Hapo ndipo Herieth alipolikumbuka lile beseni.

"Kandida, ingia ndani!" alipiga kelele. "Ingia ufunge! Deus, geuza. Turudi Michenga."

"Dada, simu inaonyesha kituo cha Kibaoni kimebaki..."

"Geuza!"

Deus akageuza. Kandida alibaki na ungo wake mkononi, amekasirika, na mzima. Aliyeokolewa bila kujua hashukuru. Hata leo haamini.

Njia nzima Herieth aliomba. Salamu Maria ilimtoka nusunusu. Alijua yule mwenzake wa kiti hakumtaka Nickolaus, wala Kandida. Hao walikuwa vituo vya njiani tu. Alimtaka mmoja, yule aliyeahidiwa miaka yote. Akajiambia: nikinawa, yamekwisha. Nikinawa tu.

Alishuka akikimbia hata kabla bajaji haijasimama. Jua lilikuwa limeegemea milima. Langoni kwa marehemu hapakuwa na watu. Palikuwa na alama ya maji kwenye vumbi, na beseni limefunikwa chini.

"Shangazi, nifunulie," alimlilia Sikitu. "Nitachota mwenyewe."

Sikitu alilitazama lile beseni, hakuligusa. "Mwanangu, unataka nilifunue nimwite nani?"

Herieth akaanguka chini. Sikitu si mtu wa kubembeleza. Alimwacha alie, kisha akamwinua kwa kwapa. "Usiende kwako. Lala hapa. Aliyekufuata huku ndiko kwake, atabaki na wewe mpaka tuone asubuhi."

Lilikuwa shauri zuri. Herieth akalishika kwa mikono miwili. Hata kuisogelea ile bajaji hakutaka tena, alisimama uani akapaza sauti juu ya ua: "Deus! Nenda! Mimi nabaki!"

Akasikia bajaji inaondoka. Moyo ukatulia. Akakaa kwenye mkeka, akanywa uji. Giza lilikuwa halijaingia vizuri alipompigia mumewe amwambie asimngoje.

Ngusa alipokea akinong'ona.

"Mbona hukuniambia unaleta mgeni?"

"Mgeni gani?"

"Huyu bibi wa Michenga. Bajaji imemshusha sasa hivi. Nimempa shikamoo, nimempa maji, amemaliza, ameomba mengine. Ana kiu, maskini. Anasema wewe umebaki msibani, yeye akaona aje, maana umemwahidi siku nyingi."

Herieth aliinuka kwenye mkeka.

"Haloo? Nasema kwa sauti ndogo kwa sababu mtoto amesinzia."

"Ngusa." Herieth alimkatiza. "Kristina yuko wapi?"

"Bibi amempakata."

Alipiga kelele bibi anyang'anywe mtoto. Alipiga kelele mpaka Sikitu akamshika kinywa. Ngusa aliuliza, "Nini? Sikusikii, Herieth, unakatika." Kisha simu yake ikawa haipatikani. Michenga na Kibaoni si mbali. Lakini pikipiki aliyoipata ilizama kwenye tope, ikazimika, ikawaka, ikazama. Alishuka akakimbia kwa miguu yake. Ile ile ambayo hakuinawa.

Nilisikia kilio kupitia ukutani. Nilipoingia, Ngusa alikuwa amesimama katikati ya sebule na kikombe mkononi, anasema, "Amesema anatoka nje kidogo. Ametoka nje kidogo tu." Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi, amefunikwa vizuri, hadi shingoni, kama anavyofunika mtu mwenye mapenzi. Alikuwa wa baridi.

Beseni la Michenga lilifunuliwa kesho yake. Walimzika Kristina ubavuni mwa Evelina, Ngusa mwenyewe alitaka hivyo, alisema yule bibi alimpenda. Herieth alinawa. Alisugua visigino mpaka maji yakawa mekundu, Sikitu akamvuta mkono: "Basi."

Deus alikuja kutoa pole. Kijana alikuwa amekonda kama aliyeugua. Aliapa mbele yetu kwamba siku ile Michenga alimsikia Herieth akimwambia nenda. Akaangalia kioo, bibi bado ameketi, mikono mapajani. Bibi akamwambia, "Twende, baba, kimebaki kituo kimoja." Na simu yake nayo ilisema hivyo hivyo. Herieth alikuwa ameshuka yeye, safari hakuifuta.

Sikumlaumu. Aliongozwa na simu, kama wote.

Kisha akatuomba tukaangalie bajaji yake. Alikuwa ameiosha kwa sabuni, ameiosha kwa mafuta ya taa, padri ameinyunyizia maji ya baraka. Kila asubuhi anakuta tope jipya, bichi, kwenye sakafu ya nyuma, upande wa kushoto. Nyayo za miguu iliyovimba.

Asubuhi ile, kando yake, zilikuwapo na nyingine. Ndogo.