Sweta ya Kompyuta

Mama Sweta hakupewa jina hilo bure. Mikono yake haikujua kutulia. Akikaa anafuma, akipiga soga anafuma. Nusu ya watoto wa shule mtaani walivaa sweta zake. Mumewe alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa, mpaka kiharusi kilipompata na mkono wake wa kulia ukalala.

Tangu hapo, kila asubuhi Mama Sweta alimfunga mumewe vifungo vya shati. Mzee alitazama ukutani mpaka kazi iishe. Mtu aliyewashonea wenzake mashati maisha yake yote, leo anafungwa lake kama mtoto! Iliwauma wote wawili.

Hospitali hawakuwaacha hivihivi. Mtaalamu wa mazoezi aliwapa video kwenye flashi.

"Ifuateni kila siku," aliwaambia. "Bega kwanza, kisha kiwiko, kisha kiganja. Vidole viwe mwisho, viungo vikishapata moto. Msiruke hatua. Na vidole msiviache vikae bure, vitakakamaa."

Nyumbani kulikuwa na kompyuta ya zamani, aliyoiacha binti yao alipoolewa. Skrini ilikaa mezani kwenye chumba cha kushonea, na sanduku lake sakafuni, kati ya cherehani na kapu la nyuzi. Wakaanza. Bega, sawa. Kiwiko, sawa. Wakifika kwenye kiganja, picha inasimama ghafla, na mzee anabaki mkono hewani.

"Nishushe au nisishushe?" anauliza.

"Subiri kidogo, Baba Watoto. Labda mwalimu anapumzika."

Wapi! Mwalimu wa kwenye video yuko vilevile, mdomo wazi. Ukibonyeza hiki, kimya. Ukibonyeza kile, kimya. Inabidi wazime, na vidole havijafikiwa.

Mama Sweta akampigia binti yake simu.

"Mama, hiyo kompyuta inaganda," binti alisema. "Ni ya zamani mno." Kabla hajaeleza zaidi, simu ikakatika.

Inaganda! Mama Sweta alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Mafuta ya kupikia huganda kwa nini? Kwa baridi. Na ile ilikuwa miezi ya baridi. Masikini, kumbe kompyuta ya watu inatetemeka pale sakafuni! Akachukua sindano zake na sufu nzito nyekundu, akaifumia sweta. Aliacha tundu moja tu nyuma, la kupitishia nyaya na flashi. Ilikaa sawasawa, kama imepimwa kwa futi ya fundi.

Basi ikawa balaa. Sasa iliganda hata kabla ya kiwiko. Vidole vya mzee vilianza kujikunja ndani ya kiganja.

"Tuache tu, Mama Watoto," mzee alisema siku moja. "Huu mkono ndiyo basi tena."

Maneno hayo yalimchoma Mama Sweta. Alichukua flashi, akajifunga kanga yake, akaenda kwa jirani anayetengeneza kompyuta, dada mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi.

Bisibisi alianza kwa maswali.

"Mama, inaganda kwenye video tu, au hata ukifanya kitu kingine?"

"Video tu. Mzee akicheza karata humo, haina neno."

"Inasimama palepale kila siku?"

"Zamani ilifika kwenye kiganja. Siku hizi hata kiwiko hatukioni."

Bisibisi alichomeka flashi kwenye kompyuta yake. Video ikaenda mpaka mwisho bila kusita.

"Video ni nzima," alisema. "Ingekuwa mbovu, hata hapa ingekwama. Ugonjwa uko kwenye kompyuta. Twende nikaione."

Alipofika mlangoni mwa chumba cha kushonea, Bisibisi alisimama.

"Mama, hii ni nini?"

"Sweta."

"Ya nani?"

"Ya kompyuta! Nimeambiwa inaganda."

Bisibisi aliuma midomo. Alijikaza, akashindwa. Mzee naye akaangua kicheko, mara ya kwanza tangu augue. Mama Sweta aliona haya, lakini Bisibisi alimshika mkono kwa upole, akauingiza chini ya sweta.

"Gusa, mama."

"Lo! Moto kama pasi!"

"Usijilaumu. Sisi tunasema kuganda, tunamaanisha kukwama. Baridi haihusiki. Video inaichosha kompyuta kuliko karata. Ikichoka inapata joto, na joto likizidi, inakwama. Ndani ina feni ya kuipoza. Feni inavuta hewa kwenye matundu haya, na sweta imeyaziba."

"Lakini ilikwama hata kabla ya sweta," mzee alisema.

"Hapo umenena, baba. Tuifungue."

Aliizima, akachomoa waya ukutani. "Hata uwe na haraka vipi, mama, usifungue kabla ya kuchomoa. Umeme hauna masihara." Wakasubiri ipoe, kisha akaibeba nje na kuondoa ubavu wake mmoja. Jamani! Feni ilikuwa imejaa vumbi na manyoya ya sufu na vitambaa, yameshikana kama blanketi.

"Kumbe ilivaa sweta zamani," mzee alisema.

Bisibisi aliishika feni kwa kidole isizunguke, akaisafisha kwa brashi laini na kavu. Aliporudi ndani, aliiweka kompyuta juu ya kigoda, mbali na ukuta na kapu la nyuzi. Kisha akaiwasha, akanakili video kutoka kwenye flashi, akafunga karata na muziki vilivyojifungua vyenyewe.

"Kompyuta ya zamani ipe kazi moja moja," alisema. "Safisheni hayo matundu mara kwa mara. Ikikwama tena, izimeni ipoe, mniite."

Video ikaanza. Bega. Kiwiko. Kiganja. Mama Sweta alikuwa hapumui. Picha haikusimama.

"Na sasa vidole," mwalimu alisema. "Shika kitu laini. Finya, achia."

Mzee akatazama huku na huku. Kitu laini kiko wapi? Mama Sweta aliiokota ile sweta nyekundu, akavuta uzi na kuanza kuifumua, akiuzungusha mbiombio uwe donge. Akaliweka kwenye kiganja cha mumewe.

Kidole kimoja kilitikisika kidogo.

"Umeona?" mzee aliuliza.

"Nimeona," alisema, na machozi yakamtoka.

Kila siku wakafanya mazoezi mpaka mwisho wa video. Baridi ikapita. Asubuhi moja Mama Sweta alikuja na mikono tayari, kama kawaida.

"Leo usiniguse," mzee alisema.

Hakutazama ukutani. Alihangaika na kifungo kimoja, jasho likimtoka, mpaka kikaingia. Kilikuwa kimeingia tundu lisilo lake, na shati likakaa upande. Fundi mzima! Mama Sweta aliliona hilo, akanyamaza, na mzee akatoka barabarani hivyohivyo, kifua mbele.