Ndoo ya Shaba ya Maman Georgette

Maman Georgette wa Kikula hutengeneza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Munkoyo yake ina ukali. Ulimi wake una ukali zaidi.

Mume wake, Benoît, alimgongea ndoo ya shaba kwa mikono yake mwenyewe. Ilimetameta. Georgette akaacha kibuyu cha mama yake. Siku ya ubatizo wa mjukuu, munkoyo ilikuwa imelala siku mbili ndani ya ndoo ile. Wageni walikunywa, kisha wakatapika. Wakakimbilia choo, na choo kilikuwa kimoja.

Tangu siku ile majirani walikataa kinywaji chake. Wengine walinong'ona kwamba yeye ni mulozi, mchawi. Na binti yake, Hadassa, alikuwa karibu kuolewa. Arusi gani, kama hakuna anayekubali kikombe cha mama wa bibi arusi?

Jumamosi, akina mama wa parokia walitembelea jumba dogo la kazi za mikono, upande wa Shituru. Viviane, fundi wa shaba, aliwaonyesha vitu vya zamani. Meza moja ilijaa misalaba na bangili za shaba. Kona ya vinywaji ilikuwa na vibuyu na vyungu tu.

Georgette alitazama huku, akatazama kule.

"Maman Viviane, bankambo, wazee wetu wa zamani, walikuwa na shaba mingi. Juu ya nini hawakuweka pombe ndani?"

Rafiki yake Mado akacheka. "Anatafuta ndugu ya ndoo yake."

"Ndoo gani?" Viviane akauliza.

Georgette akaeleza yote.

"Ndani iko rangi gani?"

"Kijani. Ninasugua, inarudia."

Viviane akaleta kipande cha shaba alichokipaka ndimu wiki iliyopita. Kilikuwa na madoa ya kijani.

"Angalia. Kitu kikali kinakula shaba. Shaba inaingia mu kinywaji, na tumbo ya muntu inakataa."

"Basi minye si mulozi?"

"Weye hapana. Mulozi ni ndoo."

Mado alicheka hadi akashika ukuta. "Na minye nilikunywa vikombe vitatu ya ule mulozi."

"Nitupe ndoo? Mzee wangu atakasirika."

"Usitupe. Weka maua, ao mahindi makavu. Munkoyo, ndimu, nyanya, maziwa ya kuganda: weka mu kibuyu ao mu chungu safi. Na muntu akitapika sana, mupeleke ku santé, kwa dokta, mbio."

Nyumbani, Benoît alinuna siku moja. Siku ya pili aliisugua ndoo mwenyewe, akakata maua.

Siku ya arusi ndoo ilisimama mlangoni, imejaa maua. Kila mgeni aliuliza fundi ni nani. Ndani, Georgette alimimina munkoyo kutoka kibuyu cha mama yake. Akanywa wa kwanza, mbele ya wote. Watu wakamtazama, wakangoja.

Mado akanyoosha kikombe chake. Baadaye akanyoosha tena, na tena.

Choo kilibaki kitupu mchana kutwa.